Akiba, Rudufu na Chelezo: Uhakiki wa Msamiati wa Kuokoa Kompyuta Iliyoharibika

Istilahi nyingi tunazozisanifu na kuzichapisha hukaa muda mrefu bila kupata mtihani. Mtu huliona neno katika orodha, hulikubali au hulicheka, pengine hulifundisha darasani, na neno lenyewe halijabebeshwa mzigo wowote. Istilahi za kuokoa kompyuta si za namna hiyo. Husomwa na mtu ambaye mashine yake imekwisha kugoma, ambaye watu wanamngoja mlangoni, na ambaye hana njia ya kujua la kufanya ila kwa maneno yaliyo mbele ya macho yake. Neno likimdanganya hapo, hana nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Jambo hili tulilishuhudia katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Umeme ulikatika wakati kompyuta ya masjala ilipokuwa katikati ya kubadilisha sehemu za mfumo wake endeshi kwa sehemu mpya, na uliporudi mashine iliwaka lakini mfumo haukuamka. Ukutani palibandikwa mwongozo uliotafsiriwa kwa Kiswahili, wenye hatua chache zilizopigwa chapa vizuri. Hatua ya kwanza ilisema: “Hakikisha una nakala rudufu.” Ya pili ilisema: “Weka mfumo upya.” Karani, mtu makini ambaye amefanya kazi ya masjala maisha yake yote, alifungua kabati, akatazama majalada, akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba nakala rudufu anazo, tena tatu tatu. Kisha akaweka mfumo upya, na kila kilichokuwamo kikafutika.

Karani huyo hakukosea Kiswahili. Kurudufu, kwa watumishi wa serikali wa rika lake, ni kazi inayojulikana: ni kuchapa waraka kwenye stensili, kuuweka katika mashine ya kurudufia, na kuzungusha mpini hadi zipatikane nakala za kutosha kuwagawia watu. Lengo la kurudufu ni kueneza. Nakala rudufu ni zile zinazotoka ofisini kwenda kwa wengine na moja kubaki jaladani. Hakuna katika neno hilo fununu yoyote kwamba nakala iwekwe mbali na ile ya kwanza ili moja ikipotea nyingine ibaki, wala kwamba nakala iwe ya aina ambayo mashine yenyewe inaweza kuisoma. Mfasiri aliyeandika mwongozo ule alikuwa na wazo la kinga kichwani, akatumia neno la wingi. Twapenda kuongeza, ingawa jambo hili linatutia haya kidogo sisi wapenda istilahi, kwamba ni nakala zile zile za karatasi zilizoiokoa masjala. Makarani wawili walikaa majuma matatu wakizichapa upya.

Msomaji atatuambia kwamba rudufu limekwisha kuzoeleka, na kwamba tunachelewa kulalamika. Huenda. Hatukusudii kulifukuza mahali pote. Mtu akinakili barua zake zote kutoka diski moja hadi nyingine, rudufu linaweza kuvumilika, maana kweli amezifanya ziwe mbili. Shaka yetu kubwa ni juu ya neno hilo kutumika kwa jambo jingine kabisa, nalo ni ile desturi ya mafundi waangalifu ya kujiwekea mapema programu zitakazohitajika siku mfumo utakapoharibika. Hapo hakuna kilichorudufiwa. Programu hizo si nakala ya kitu kilichomo katika mashine leo. Baadhi yake ni za zamani kuliko zilizomo, na zimewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Baadhi hazijapata kutumika kabisa.

Yafaa tueleze kazi yenyewe kabla ya kuendelea na maneno yake, kwa kuwa tumeona orodha nyingi zilizotungwa na watu wasiopata kuiona. Tuchukue mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao ni mzazi wa mifumo mingi inayotumika sasa katika vyuo na ofisi. Katika Debian kila programu huja imefungwa pamoja na vitu vyake vyote: faili za kutendea kazi, maelezo ya mahali pa kuziweka, jina la programu, namba ya toleo, na orodha ya programu nyingine ambazo bila hizo haiwezi kufanya kazi. Mtu anapotaka programu, mashine hulivuta fungu hilo kutoka ghala lililo mbali, hulifungua na kuisakinisha. (Kusakinisha, tuseme kwa kupita, ni miongoni mwa maneno bora ya fani hii. Limetokana na kusakini, yaani kukaa mahali na kuwa mwenyeji, na ndivyo programu inavyofanya.) Fungu lililokwisha kuvutwa laweza kubakia katika folda maalumu ndani ya mashine. Fundi aliyeyabakiza mafungu ya matoleo mawili matatu ya nyuma anaweza, toleo jipya likiharibu mambo, kulisakinisha lile la zamani bila kuhitaji mtandao. Na mtandao, katika mashine iliyoharibika, mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kukosekana.

Lakini upo mkasa mbaya zaidi. Karibu programu zote za mfumo huo huazima kazi kutoka kwa maktaba moja ya msingi, maktaba ya lugha ya C. Maktaba hiyo ikiharibika, hata amri ndogo ya kuorodhesha faili haitendi kazi, na kisakinishi chenyewe, ambacho ndicho kingeirekebisha, kinakuwa kimekufa nayo. Mafungu yapo diskini, kamili, na hakuna mkono wa kuyafungua. Kwa ajili ya hali kama hizo mafundi huweka programu ambayo haiazimi kwa yeyote. Mashuhuri kati ya hizo ni BusyBox, iliyoandikwa na Bruce Perens katika miaka ya 1995 na 1996, ili mfumo mzima wa kuwashia na kuokolea Debian uweze kuenea katika diski laini moja. Ndani ya programu hiyo moja zimeshindiliwa amri nyingi ndogo, na, ikiwa imeundwa kwa namna isiyoazima maktaba ya nje, zote hutenda kazi hata kama maktaba ya msingi haipo.

Basi hivi vitu vilivyowekwa vinaitwaje? Tumekuta majina manne, na tumeyapima kwa namna ambayo msomaji anaweza kuijaribu mwenyewe: tumejiuliza kila neno lingemwambia nini karani wa masjala yetu.

Hifadhi linatumika mno hata limechoka. Ndilo neno la kuagiza kazi iliyoandikwa isipotee, ndilo jina la nafasi iliyomo katika diski, ndilo jina la ghala la nyaraka za kale, na likitiwa rudufu mbele yake ndilo hilo la nakala za kinga. Katika ukurasa mmoja wa mwongozo tulihesabu hifadhi likitumika kwa maana tatu, mbili zikiwa katika sentensi moja. Neno linalojibu kila swali halina jibu kwa lolote. Twashauri liachwe kwa ile kazi ya kwanza, ambayo watu wote wanaijua.

Chelezo ni neno la pwani na lina utu wake. Latokana na kuelea: chelezo ni kile kieleacho juu ya maji kikashikilia wavu, au kikaonyesha mahali nanga ilipozama. Aliyelipendekeza kwa nakala za kinga alikuwa na picha nzuri: vyote vikizama, hiki kitabaki juu. Twalisifu kwa hilo. Hata hivyo picha yenyewe ina kasoro. Chelezo humwonyesha mvuvi mahali pa kuvuta. Hakiwi wavu mwingine wavu wake ukipasuka. Aidha, kwa msomaji wa bara ambaye hakukua na bahari, chelezo husikika kama jamaa wa maelezo na kielezo, na tumekutana na mwalimu aliyedhani ni ukurasa wa maelekezo. Neno linalohitaji kuelezwa kwa msaada wa dau na nanga halimsaidii mtu wa Dodoma au Kigoma usiku ambao mashine yake imekwama.

Vipuri, au spea kama wasemavyo mafundi wa magari, limekaribia zaidi. Fungu moja la programu kweli ni kama kipuri: sehemu moja ya mtambo imekufa, inatolewa, inaingizwa nzima ya aina yake. Lakini kipuri hununuliwa dukani baada ya kitu kuharibika. Hakuna dereva aliyepata kusema “nina kipuri” akimaanisha kwamba yu salama njiani.

Asemacho dereva huyo ni kwamba analo gurudumu la akiba. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo Kiswahili kilipokuwa na jibu muda wote na wafasiri wakapita bila kutazama. Gurudumu la akiba si rudufu ya lile lililopasuka. Pengine ni kuukuu kuliko hilo. Limewekwa kabla ya safari, halitumiki wakati mambo ni mazuri, na thamani yake yote imo katika siku moja ambayo mwenye gari angependa isifike. Mchezaji wa akiba ndivyo alivyo, na jeshi la akiba pia. Karani wa masjala angeambiwa “hakikisha una programu za akiba, na akiba ya kumbukumbu zako nje ya mashine hii”, asingefungua kabati la majalada. Angeuliza, “Akiba gani?” na swali hilo lingetosha kumzuia asiendelee.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza, kwamba akiba ni neno la benki, halina uzito. Wanaosema hivi husahau kwamba benki ililichukua neno hilo kutoka kwa mama aliyeweka pishi ya mtama darini. La pili ni zito, na limetusumbua. Katika simu nyingi zenye Kiswahili twakuta amri isemayo “Futa akiba”, na watu wamefunzwa kwamba amri hiyo haina madhara. Kinachofutwa pale ni vitu ambavyo simu imejiwekea karibu ili isivifuate mbali kila mara. Vikifutwa huvutwa tena, na hasara ni ya muda mfupi. Kwa bahati mbaya, katika Debian mafungu ya programu yaliyovutwa hukaa katika folda yenye jina la aina hiyo hiyo, kwa kuwa waliounda mfumo waliyahesabu kuwa ni vitu vya kupita. Tena, tangu mwaka 2016 amri mpya ya apt hulifuta fungu mara tu programu inapokwisha kusakinishwa salama, ilhali amri ya zamani, apt-get, hulibakiza. Kwa hiyo mtu anayetegemea folda hiyo iwe gurudumu lake la akiba anaweza kukuta buti tupu. Fundi mwangalifu huyahamisha mafungu yake akayaweka mahali ambapo hakuna amri ya usafi itakayoyafikia.

Kosa, kwa maoni yetu, ni la waliokiita akiba kitu kinachofutwa bila hasara. Wazee walisema akiba haiozi. Amri ya “Futa akiba” huifundisha lugha kinyume chake, na kuifundisha mamilioni ya watu kila siku. Vitu vilivyowekwa karibu kwa ajili ya wepesi vingeweza kuitwa kichanja, kwa mfano wa kile cha jikoni ambapo vyombo huwekwa karibu na mkono. “Safisha kichanja” haimtishi mtu wala haimpotoshi. Hatuna hakika kwamba neno hili litapokewa, na wenye simu hawajatuuliza, lakini twaliweka mezani.

Sasa tuje kwenye fungu lenyewe, ambalo hadi hapa tumeliita hivyo kwa tahadhari. Wafasiri wengi huliita kifurushi. Lingefaa sana laiti makampuni ya simu yasingelichukua. Leo ukisema kifurushi katika Tanzania, msikilizaji wako anafikiri juu ya dakika na megabaiti, na zaidi ya yote anafikiri juu ya kitu kinachokwisha muda wake: cha siku, cha wiki, cha mwezi. “Weka vifurushi kwa ajili ya dharura” ni sentensi inayomtuma mtu akanunue muda wa maongezi. Tumeona hata sentensi isemayo kwamba kifurushi hakikuweza kuvutwa kwa sababu kifurushi kimekwisha, na aliyeiandika hakuwa akifanya utani. Ushauri wetu ni mwepesi: tuwaachie kifurushi, nasi tuchukue furushi. Furushi la programu, mafurushi ya programu. Lina kitambaa chake, fundo lake na mwenyewe. Na furushi la akiba ni kitu ambacho msafiri yeyote anakielewa.

Yote haya, hata hivyo, ni madogo mbele ya neno moja ambalo tumelikuta katika karibu kila tafsiri ya fani hii, nalo ni kitegemezi. Tumesema kwamba kila furushi lina orodha ya programu nyingine ambazo bila hizo haliwezi kufanya kazi. Wafasiri huziita hizo nyingine vitegemezi. Walimu wa sarufi watashtuka, na wana haki. Mofimu tegemezi ni ile isiyoweza kusimama peke yake. Kishazi tegemezi ni kile kinachohitaji kishazi huru kikikamilishe. Mtegemezi katika nyumba ni yule anayelishwa. Kwa hiyo kitegemezi, kwa Kiswahili chochote tukijuacho, ni programu inayohitaji nyingine. Nao wamelipa jina hilo ile inayohitajiwa. Baba ameitwa mtoto.

Si mzaha wa wanasarufi tu. Mfumo wa Debian una amri ya kuondoa programu zilizosakinishwa kwa sababu tu nyingine zilizihitaji, wakati ambapo hakuna tena inayozihitaji. Ukimwambia mtu “ondoa vitegemezi visivyotumika”, anayejua Kiswahili ataelewa kwamba anaondoa programu za pembeni, zile zinazoning’inia kwa nyingine, yaani zisizo na mtu nyuma yake. Ukweli ni kwamba anagusa nguzo. Pengine nguzo hizo hazina tena paa juu yake. Pengine zinalo, na mfumo haukulijua kwa sababu paa lilijengwa kwa mkono. Mtu anayejua kwamba anagusa nguzo hutazama juu kwanza.

Kiingereza kina neno moja linaloyumba kati ya pande hizo mbili, na wazungumzaji wake wamezoea kukisia. Hatuoni sababu ya Kiswahili kurithi ulemavu huo, maana sisi tunayo maneno mawili tayari, na kiambishi kimoja tu kinayatenganisha. Kile mtu anachokiegemea ni egemeo. Kule anakokimbilia ni kimbilio. Basi kile ambacho programu inakitegemea ni tegemeo, na mategemeo ya furushi ni orodha ya vile linavyovihitaji. Kitegemezi kibaki na maana yake ya haki. Kutoka hapo twapata, bila kutoa jasho, jina la programu za namna ya BusyBox, ambazo hazina tegemeo nje ya nafsi zao: ni programu za kujitegemea. Neno hilo watumishi wa serikali wamelisikia tangu mwaka 1967, na hatudhani kwamba kuna atakayehitaji tafsiri.

Kuhusu vitenzi tutakuwa wafupi. Mfumo “uliovunjika” ni Kiswahili cha kuazima mfupa kwa jirani. Chungu huvunjika, ndoa huvunjika, na mkutano ukivunjika wajumbe huenda kula. Mtambo huharibika, hukwama, hugoma, au hufa. Kuokoa kunafaa kwa mfumo mzima. Kwa kumbukumbu zilizopotea ndani ya diski iliyoharibika twapendekeza kuopoa, kwa kuwa ndivyo ndoo inavyotolewa kisimani: kwa ndoana, kwa kubahatisha, na si lazima itoke na maji. Kurejesha kuwekwe kwa kazi ya kuleta vitu kutoka katika akiba. Na “kuweka upya”, maneno yaliyomponza karani wetu, yapigwe marufuku katika mwongozo wowote usiosema katika sentensi hiyo hiyo iwapo vilivyomo vitafutwa au vitabaki.

Mtihani mkubwa wa maneno haya ulikuja tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa mashine zinazotumia programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikashindwa kuamka. Viwanja vya ndege, benki na hospitali zilikwama katika nchi nyingi. Dawa ilikuwa ndogo: kuiwasha mashine kwa namna ya pekee ambayo hupakia sehemu chache tu za mfumo, kisha kuifuta faili ile. Lakini mara nyingi ilibidi mtu asimame mbele ya kila mashine, na kama diski ilikuwa imefungwa kwa siri, awe na ufunguo wa kuokolea ulioandikwa mahali pengine. Baadhi ya funguo hizo zilikuwa zimewekwa katika mashine ambazo nazo zimekufa. Kwa Kiswahili namna hiyo ya kuwasha huitwa “hali salama”, na msomaji wa kawaida huelewa kwamba mashine sasa imelindwa dhidi ya wezi na virusi, ilhali katika hali hiyo baadhi ya ulinzi haufanyi kazi kabisa. Hali ya dharura lingekuwa jina la kweli zaidi.

Hatujagusa ugomvi wa kompyuta na tarakilishi, wala ngamizi aliyewatangulia, kwa kuwa mashine hiyo huharibika sawasawa kwa majina yote matatu. Tumeacha pia swali moja ambalo mafundi walitutupia nasi hatukuwa na jibu: furushi lililomo katika ghala la mbali ambalo mtu ana ruhusa ya kulichukua wakati wowote, je, liitwe akiba? Fundi mmoja alisema ndiyo, maana ghala halifungwi. Mwenzake akamwuliza siku ile umeme ulipokatika alilichukua kwa njia gani. Kwa sasa twaona lililo ghalani liitwe kipuri, na lililomo mkononi liitwe akiba. Tutafurahi kupokea maoni ya walimu wa vyuo vya ufundi, hasa wale ambao wanafunzi wao wamekwisha kubuni maneno yao wenyewe na wanaona haya kuyaandika.